Sauti Ionayo Ndani ya Goti



Goti ni mtumishi asiyesifiwa. Mama wa Uvira anayetoka ufukoni asubuhi na beseni la ndakala kichwani halisifu goti lake. Mwashi anayepanda ngazi na karai la saruji begani hafikiri habari zake. Mwanafunzi anayekimbia ili kengele isimwache nje, naye vivyo hivyo. Lakini siku goti likikataa kunyoka, nyumba nzima husimama. Ndipo watu huanza kuuliza: goti ni nini, na ndani yake mna nini?

Tena likiumia, majibu huwa mengi kuliko maswali. Huyu atasema mshipa umeruka. Yule atasema mifupa imeachana. Wa tatu atashusha sauti na kutaja jina la jirani. Kila mmoja anasema kwa nguvu, na hakuna hata mmoja aliyeona. Nataka leo kuwaeleza habari za goti la mdogo wangu na za mashine iliyotusaidia kulitazama. Goti lake si la ajabu. Magoti kama lile yapo katika kila mtaa, na wazazi wengi wamekwisha kuniuliza tulifanyaje.

Goti limeumbwaje?

Mifupa mitatu hukutana katika goti: mfupa wa paja unaotoka juu, mfupa wa muundi unaotoka chini, na pia ya goti iliyo mbele kama ngao. Kama mifupa hiyo ingesuguana mitupu, ingelika upesi kama mawe mawili ya kusagia. Kwa hiyo ncha zake zimevikwa gegedu. Mlapo kuku, tazameni ncha ya mfupa wa paja lake: mtaona kitu cheupe, kinachong'aa na kuteleza chini ya kidole. Hilo ndilo gegedu. Katika goti la mtu unene wake ni milimita chache tu, na nyuma ya pia ya goti ndipo lilipo nene kuliko mahali pengine pote mwilini.

Kati ya mfupa wa paja na mfupa wa muundi mna pia vipande viwili vya gegedu la namna nyingine, gumu, lenye nyuzi nyingi. Madaktari huviita meniski, neno lililotoka katika Kiyunani, na maana yake ni mwezi mdogo. Kweli, kile cha upande wa ndani kina umbo la mwezi mchanga, na kile cha nje kinakaribia kuwa duara. Ukivitazama kwa ubavu, kila kimoja ni kama kabari ya seremala: kinene ukingoni, chembamba kuelekea katikati. Kazi yake ni kugawanya mzigo. Mtu akitembea tu, goti lake hubeba mara mbili hadi tatu ya uzito wa mwili wake. Akishuka ngazi, hubeba zaidi ya mara tatu. Goti likiwa limenyoka, meniski hupokea kama nusu ya mzigo huo, na likikunjwa hupokea zaidi.

Sasa sikilizeni jambo la kusikitisha. Gegedu lile linalovika mifupa halina mishipa ya damu wala mishipa ya fahamu. Hupata chakula chake katika ute wa goti, kama sifongo inavyonyonya maji na kuyaachia. Mkono ukikatwa, damu huja na kujenga upya. Gegedu halina njia hiyo. Daktari William Hunter wa London alikwisha kuandika habari hii mwaka 1743, ya kwamba gegedu likiharibika halirudi tena. Miaka zaidi ya 280 imepita, na madaktari wa leo, kwa ufundi wao wote, bado hawawezi kulirudisha kabisa kama lilivyokuwa. Meniski zina bahati kidogo: ukingo wao wa nje hupata damu, na mpasuko wa mahali hapo waweza kupona. Mpasuko wa sehemu ya katikati hupona kwa shida sana, au haufungi kabisa.

Ndiyo sababu ni vema kujua mapema ni nini kilichoumia. Goti lenye gegedu jeraha halipewi kazi ya goti zima.

Ajali ya uwanjani

Ilikuwa Jumapili moja ya Oktoba, mwaka 2019. Mdogo wangu, mwashi wa kazi yake, alikuwa na umri wa miaka 26. Walikuwa wakicheza mpira baada ya mvua. Akataka kugeuka upesi. Kiatu kikashikwa na matope, mguu ukabaki, mwili ukazunguka. Alisikia kitu kikilia ndani ya goti, kama kijiti kikavu kinachovunjika. Jioni ile alirudi nyumbani akishikwa mabega na wenzake. Asubuhi goti lilikuwa limevimba kama papai, na halikuweza kunyoka lote.

Mnajua yaliyofuata, maana ndivyo mambo yanavyokwenda katika mitaa yetu. Watu wa timu yetu walisema kwamba wale wengine walizika dawa golini. Mzee mmoja anayeunga mifupa alikuja na mafuta yake, akataka kuuvuta mguu kwa nguvu mpaka ulie. Mama akamshukuru kwa adabu, akampa kiti na chakula, lakini mguu hakumpa. Tukampeleka mgonjwa hospitalini. Huko walipiga picha ya radiografia, wakaitazama, wakasema: «Mifupa ni mizima. Hana kitu.» Wakampa vidonge vya kutuliza maumivu.

Juma la pili mdogo wangu akapanda tena ngazi ya kazi, maana mwashi asiyejenga hali. Alipokuwa juu na tofali mikononi, goti likamwachia. Aliyekuwa chini alimdaka kwa bahati. Tangu siku ile alikaa nyumbani, kimya, akiutazama mguu wake kama mtu anayemtazama mdeni asiyelipa.

Je, picha ile ilisema uongo? Hapana. Miali iliyogunduliwa na Wilhelm Röntgen mwaka 1895 huonyesha mifupa vizuri sana, lakini hupita katika gegedu kama mwanga wa jua katika kioo. Picha ilisema kweli juu ya mifupa. Kosa lilikuwa katika maneno mawili yaliyofuata: «Hana kitu.» Afadhali kumwambia mgonjwa: mifupa ni mizima, yaliyobaki hatujayaona.

Kisha mtu akatuambia habari za IRM, mashine kubwa yenye sumaku inayoona nyama na gegedu. Kwetu haikuwako, ingetupasa kuvuka mpaka. Tukahesabu nauli, malazi, na malipo ya mashine yenyewe. Fedha hizo hatukuwa nazo. Usiku ule mama aliniita ukumbini. Aliniambia:

«Mwanangu, kiko kile kiwanja cha marehemu baba yenu. Kama mguu wa mdogo wako unadai kiwanja, kiende.»

Mimi ndimi mtoto wa kwanza, na neno la mwisho lilikuwa langu. Sikulala. Kiwanja kile, kidogo, juu ya mwinuko, mbali na mto, ndicho kitu pekee alichotuachia baba. Lakini kiwanja hakipandi ngazi wala hakileti chakula. Nikamwomba mama siku tatu. Katika siku hizo tatu nikapata kuonana na daktari mmoja, akaniambia: «Bwana Mwalimu, msiuze kitu bado. Mleteni kwanza tumpige ekografia.»

Mdogo wangu aliposikia neno hilo, kwa mara ya kwanza tangu ajali alicheka. «Yaya, ekografia ni ya wamama wenye mimba! Watu wataniona namna gani kwenye benchi lile?» Na kweli, tulipofika tuliwakuta akina mama watano wakingoja. Mmoja wao, mtu wa makamo, akasogea akampa nafasi: «Keti, mwanetu. Sisi tutazaa watoto, wewe utazaa goti.» Wote wakacheka, naye akaketi.

Popo, padri na manowari

Tulipokuwa tukingoja, nilijiuliza jinsi sauti iwezavyo kuona. Nikakumbuka somo ninalowafundisha wanafunzi wangu.

Mwaka 1793 padri mmoja Mwitalia, Lazzaro Spallanzani, mwalimu katika chuo kikuu cha Pavia, alishangazwa na popo. Aliona kwamba popo asiye na macho huruka gizani bila kugonga kitu. Mganga wa Genève, Louis Jurine, akaziba masikio ya popo. Ndipo popo wakagonga kila kitu. Kumbe popo huona kwa masikio! Wataalamu wengi wa siku zile walimcheka padri yule. Mwaka 1938 Mmarekani Donald Griffin, akitumia chombo kinachopokea sauti nyembamba mno, alithibitisha ya kuwa popo hutoa sauti tusizozisikia, na mwangwi wake humwambia palipo ukuta na palipo mdudu.

Masikio yetu husikia mitetemo 20 hadi 20,000 kwa sekunde moja. Sauti inayozidi hapo ipo, ila sisi ni viziwi kwayo. Mwaka 1880 ndugu wawili Wafaransa, Jacques na Pierre Curie, waligundua kwamba mawe mengine ya fuwele hutoa umeme yakibanwa. Na ikaonekana baadaye kwamba yakipewa umeme hutetemeka. Wakati wa vita kuu ya kwanza, Paul Langevin alitumia fuwele kama hizo kutafuta manowari chini ya bahari. Mwaka 1942 daktari wa Austria, Karl Dussik, alitangaza jaribio lake la kutazama kichwa cha mtu kwa njia hiyo. Mwaka 1958 Ian Donald na wenzake wa Glasgow walitangaza picha za tumbo, na tangu hapo akina mama wa dunia nzima wameijua mashine hii. Nayo magoti? Mwaka 1972 McDonald na Leopold waliandika jinsi ilivyowasaidia kutofautisha uvimbe wa maji nyuma ya goti na mshipa wa damu ulioziba. Hapo mlango wa goti ukafunguliwa.

Kifaa ambacho daktari hukishika mkononi hutoa sauti, kisha hunyamaza na kusikiliza. Katika nyama za mwili sauti huenda kama mita 1,540 kwa sekunde. Mashine hupima muda ambao mwangwi umechukua kurudi, na kwa muda huo hujua umbali, kama vile mtoto anayepiga kelele mbele ya mlima na kuhesabu mpaka mlima umjibu. Kwa kutazama tumbo hutumia mitetemo kama milioni 2 hadi 5 kwa sekunde, ifike mbali. Kwa goti hutumia milioni 7 hadi 15: haifiki mbali, lakini huonyesha vitu vidogo. Ute ule wa baridi unaopakwa juu ya ngozi hufukuza hewa, kwa sababu hewa huirudisha sauti kabla haijaingia.

Tuliyoyaona

Daktari hakuanza na mashine. Alianza na maswali. Mguu ulikuwa umekanyaga au ulikuwa hewani? Goti lilivimba mara moja au baada ya saa nyingi? Linaumia upande gani? Je, hukwama? Halafu akalishika goti kwa mikono, akalikunja, akalizungusha polepole huku akimtazama mgonjwa usoni. Akauvuta muundi mbele kidogo, kujua kama kano iliyo katikati ya goti, inayouzuia usiteleze, ingali inashika. Ilishika. Ndipo akawasha mashine, akamgeuzia mdogo wangu kioo ili naye aone.

Kwanza alimwambia akunje goti sana, kadiri awezavyo. Kwenye kioo ukatokea mstari mweupe unaong'aa, na chini yake giza tupu. «Huu mweupe ni uso wa mfupa. Mfupa hurudisha sauti yote, hivyo nyuma yake hatuoni kitu.» Juu ya mstari ule palikuwa na utepe mweusi, sawasawa, wenye kingo safi. Nikaogopa weusi ule. Daktari akatabasamu: «Hilo ndilo gegedu, Bwana Mwalimu. Lina maji mengi, tena limefanana pande zote, kwa hiyo sauti hupita bila kurudi. Katika ekografia weusi kama huu ni uzima. Likikwanguka, utepe huwa mwembamba, kingo zake hufifia, na weusi huingiliwa na kijivu.» Utepe wa mdogo wangu ulikuwa safi, hapo palipoonekana.

Kisha akamwambia anyoshe mguu, akaweka kifaa juu ya pia ya goti. Palikuwa na mfuko mweusi, mpana kuliko unavyopaswa: maji yaliyojaa kwa sababu ya jeraha. Kisha akahamia ubavu wa ndani. Kati ya nyuso mbili nyeupe za mifupa ikaonekana pembetatu ya kijivu, ile kabari niliyowaeleza. Kano ya ubavuni iliyopita juu yake ilikuwa imevimba kidogo, lakini haikukatika. Daktari akasogeza kifaa polepole kuelekea nyuma. Ghafula akasimama. Ndani ya pembetatu palikuwa na ufa mwembamba, mweusi, kama uzi.

Hakusema neno. Akalipaka ute goti jingine, lililo zima, akalitazama mahali pale pale. Pembetatu ya huko haikuwa na ufa. Akarudi, akamwambia mdogo wangu akunje na kunyosha mguu kidogo kidogo huku picha ikiendelea, maana ekografia huona kitu kikitembea, jambo ambalo picha iliyoganda haiwezi. Kipande hakikujikunja wala hakikuingia katikati ya mifupa. Alipobonyeza kifaa mahali pa ufa, mdogo wangu akashtuka: «Hapo! Ni hapo hapo!»

Nilimtazama usoni. Tangu mwezi mzima alikuwa mtu asiye na kitu, mtu wa vidonge, tena wengine walianza kusema amechoka na kazi. Sasa aliona kwa macho yake kwamba maumivu yake yana mahali na yana jina. Aliniambia kwa sauti ya chini: «Yaya, si mchawi.»

Mashine haioni yote

Ningewadanganya, wasomaji, kama ningesifu tu. Daktari mwenyewe alitukataza. Kwa kuwa sauti haipiti mfupa, kano zile zinazopishana katikati ya goti hazionekani vizuri. Gegedu la nyuma ya pia ya goti hujificha. Sehemu ya gegedu inayobeba mzigo kati ya mifupa miwili huonekana kwa kipande tu, na pengine mpasuko mdogo wa ndani hupita bila kuonekana. Zaidi ya hayo, kazi yategemea mkono unaoshika kifaa na jicho linalotazama. Kifaa kikiinama kidogo, kitu kizima chaweza kuonekana kibovu. Aliniambia maneno niliyoyaandika daftarini: «Nikiona mpasuko, nausadiki kwa kadiri. Nisipoona kitu, siapi kwamba hakuna kitu.»

IRM huona goti lote, mpaka ndani ya mfupa. Tena iko njia ya kuingiza bomba jembamba lenye kioo na taa ndani ya goti. Mjapani Kenji Takagi alilijaribu kwanza mjini Tokyo mwaka 1918 katika goti la maiti, na leo madaktari hutibu kwa njia hiyo. Lakini hiyo ni operesheni. Haifanywi kwa kutaka kutazama tu.

Nikamwuliza swali lililonileta: «Je, tuuze kiwanja tukapate IRM?» Hakunijibu ndiyo wala la. Aliniuliza: «IRM ikituonyesha mpasuko huu huu kwa uzuri zaidi, tutafanya nini ambacho hatutafanya leo?» Kisha akaeleza. Kama goti lingekuwa limefungika lisinyoke, au kano ya katikati ingekuwa imelegea, ingalikuwa lazima kuwaza operesheni, na kabla ya operesheni IRM ni ya haki. Lakini sasa goti limeanza kunyoka lote, kano inashika, na kipande hakitembei. Goti la namna hii laweza kwanza kupewa mazoezi, na kisu kingoje.

Shauri hilo halikuwa la umaskini tu. Huko Denmark, nchi isiyokosa mashine, uchunguzi uliotangazwa mwaka 2022 uliwagawanya kwa kura vijana 121 wenye mpasuko wa meniski, wa umri wa miaka 18 hadi 40. Wengine walipasuliwa mapema, wengine walipewa mazoezi na mafundisho, wakiruhusiwa kupasuliwa baadaye wakihitaji. Baada ya mwaka mmoja makundi yote mawili yalikuwa yamepata nafuu iliyolingana. Kama mmoja kati ya wanne katika kundi la mazoezi alipasuliwa mwishowe. Maana yake, mazoezi hayamponyi kila mtu, lakini yanastahili kutangulia.

Kiwanja hakikuuzwa. Nilipomwambia mama, alinyamaza kitambo, akasema: «Basi, baba yenu na alale.»

Miezi ya uvumilivu

Mazoezi yalikuwa ya kitoto kwa kuyatazama: kukaza nyama za paja na kuhesabu hadi kumi, kuketi na kusimama bila kushika kiti, kusimama kwa mguu mmoja karibu na ukuta. Lakini yalikuwa ya kila siku, na ngazi ilikatazwa. Hapo ndipo penye taabu. Miezi miwili nyumba yao ilikula mshahara wa mwalimu, na mshahara wa mwalimu mnaujua. Mke wake aliuza ndakala. Mwezi wa tatu akaanza kuchanganya saruji chini. Mwezi wa nne akapanda ngazi.

Daktari alimtazama tena baada ya miezi mitatu. Mfuko wa maji ulikuwa umekauka. Ufa ulikuwa bado pale pale. Mdogo wangu akahuzunika, lakini daktari akamwuliza: «Unaumwa? Goti linakuachia?» Akajibu la. «Basi, tunatibu mtu, hatutibu picha.» Mpira ameuacha. Huo ndio ushuru alioutoa, na mpaka leo siku za mechi huwa mkali kidogo.

Mwaka 2020, mwezi wa Aprili, mto Mulongwe ulifurika Uvira, ukaua watu na kubomoa nyumba nyingi sana. Nyumba ya mama, iliyokuwa bondeni, ilianguka usiku; mama tulimtoa akiwa mzima. Hatukuwa na mahali pa kumweka, isipokuwa kile kiwanja kidogo juu ya mwinuko. Huko ndiko mdogo wangu alikomjengea vyumba viwili, tofali kwa tofali, akipanda na kushuka ngazi kwa goti lile.

Shauri kwa wazazi na kwa wanafunzi

Wazazi, mtoto akiumia goti, msikubali livutwe wala likandwe kwa nguvu na mtu asiyejua kilichomo ndani. Mpumzisheni, mwekeeni kitambaa cha maji ya baridi, mguu uinuliwe. Goti likivimba upesi, au likikataa kunyoka, au likimwachia njiani, au asipoweza kulikanyagia, mpelekeni kwa daktari. Goti likivimba, likawa la moto, na mtu ana homa, msingoje kesho: vijidudu vyaweza kula gegedu kwa siku chache. Na mkiambiwa mifupa ni mizima, ulizeni kwa heshima: «Na gegedu, Bwana Daktari? Na meniski?» Swali hilo si utovu wa adabu.

Wazee nao wasiogope kila ufa. Mwaka 2008 wachunguzi walitazama kwa IRM magoti ya watu wenye umri wa miaka 50 na zaidi katika mji wa Framingham, Marekani. Walikuta mipasuko ya meniski katika wengi, na zaidi ya nusu ya wenye mipasuko hawakuwa na maumivu yoyote katika mwezi uliotangulia. Ufa katika goti la mzee waweza kuwa kama mvi kichwani. Kwa hiyo picha isomwe pamoja na mgonjwa, isisomwe peke yake.

Nanyi wanafunzi, mnaponiuliza darasani somo la sauti lina faida gani, kwa kuwa hakuna awezaye kula mwangwi, nawajibu hivi: padri aliuliza swali juu ya popo, watu wakamcheka, ndugu wawili walibana vijiwe, hawakujua vitafaa nini. Katika maswali yao limetoka jicho lililoona ufa mwembamba kama uzi katika goti la mwashi wa Uvira. Daktari yule wa ekografia aliketi kwenye dawati kama lenu. Hospitali zetu zina mashine chache, na mikono inayojua kuzitumia ni michache zaidi. Jifunzeni, basi. Liko benchi refu la watu wanaongoja.